Ya Kulalia, ya Kuuzia, ya Kuzikia

Yupo mama mmoja hapa Baraka ambaye hapokei salamu yangu. Tukikutana njia ya sokoni ananipita kama mtu anavyopita kando ya kisiki, bila chuki wala haraka. Watu wanadhani tuligombania shamba. Wacha wadhani. Ukweli ni kwamba siku moja ya vita, kwenye kizuizi cha barabara itokayo Lulimba, wenye bunduki waliuliza swali juu yake, na mimi ndiye niliyetakiwa kulijibu. Nililijibu vizuri mno. Tangu siku ile nimekuwa nikilirudia kichwani, na kila nikilirudia naliona halina kosa hata moja, na hilo ndilo linalonichoma.

Ili jibu lenyewe lieleweke, lazima nianze na majani ya kinamasi. Msomaji anisamehe, mimi ni mwalimu na sijui kuanzia kwingine.

Nilifundisha biolojia katika shule ya sekondari ambayo haikuwa na maabara. Tulikuwa na kilenzi kimoja cha mkononi, ambacho sisi tulikiita lupu, kilichoachwa na mwalimu aliyenitangulia. Tulikuwa pia na kitabu kimoja cha Kifaransa ambacho mende walikuwa wameshakila mgongo. Kitu kingine tulichokuwa nacho kwa wingi kilikuwa kinamasi. Upande wa mto Mutambala, karibu na unapoingia ziwani, palijaa majani ya jamii ya ndago, yale ambayo mtu akiyaona anasema "nyasi" na kwenda zake. Si nyasi. Shika shina la nyasi, utakuta vifundo na uwazi ndani, kama mwanzi. Shika la ndago, utakuta limejaa toka chini hadi juu, na mara nyingi ukilizungusha kwenye vidole unahisi pembe tatu. Hapo ndipo urahisi unapoishia. Ndago zenyewe kwa zenyewe zinafanana mpaka unakata tamaa.

Kwa hiyo nikawafundisha wanafunzi kutumia kile ambacho kitabu kilikiita ufunguo. Ufunguo ni orodha ya maswali. Shina ni la mviringo au la pembe tatu? Likiwa la mviringo nenda namba nne, likiwa la pembe tatu nenda namba tisa. Tunda lina vinywele viwili kichwani au vitatu? Mbegu ni bapa kama dengu au ina pembe? Unajibu, unasogea, unajibu, unasogea, mpaka mwisho unakutana na jina. Wanafunzi waliupenda kama mchezo. Mimi niliupenda kuliko wao, na nikaongeza kanuni yangu mwenyewe ambayo niliisema hadi wakanichoka: sifa moja haitoshi. Urefu hubadilika na udongo, rangi hubadilika na jua. Niletee sifa tatu, na moja kati ya hizo iwe ya tunda. Ukikosa tunda, usijitie ujuaji. Andika kwenye karatasi: sina hakika.

Nilikuwa najivunia maneno hayo mawili kuliko diploma yangu. Wanafunzi walinitania, wakanipa jina la Profe Sina-Hakika, nami nikalivaa kama koti zuri. Niliamini kwamba katika nchi ambayo kila mtu ana hakika na kila kitu, mimi nilikuwa nafundisha adabu.

Mama huyu nilimkuta kinamasini. Alikuwa mjane, mrefu kuliko wanaume wengi, shingo ndefu, pua nyembamba, na ulimi wa kukata. Alisuka mikeka. Siku ya kwanza alinitazama nikiwa nimepiga magoti kwenye tope na lupu jichoni, akaniuliza kama nimepoteza jino.

Nilimweleza kwamba kitabu changu kinasema mahali hapa pana aina mbili za jani lile la mikeka. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mbili? Mwalimu, iko tatu. Ya kulalia, ya kuuzia, na ya kuzikia."

Ndivyo wasukaji walivyoyaita kati yao, kwa kazi zake. La kulalia lina shina la karibu mviringo, chini kwenye mzizi ni jekundu lililoiva kama kitunguu, na ukilifunga fundo halionyeshi alama. Mkeka wake unadumu miaka. La kuuzia lina pembe tatu zilizobutuka na chini ni la rangi ya majani makavu. Ukilifunga fundo linapasuka na kuwa jeupe papo hapo. Mkeka wake unapendeza sana siku ya kwanza, basi ndio mkeka wa kuwauzia wapita njia. La tatu ndilo lililotugombanisha. Kwa macho huwezi kulitofautisha na la kulalia, wekundu ule ule, mviringo ule ule. Lakini ni laini, halilii likikunjwa, na kwa sababu hiyo walilitumia kusuka mikeka ya kufungia maiti, wasimkwaruze mtu aliyekwisha kuchoka.

"Unalijuaje kama halina tofauti?" nikamuuliza.

Akashika shina moja kati ya kucha za kidole gumba na cha pili, akalivuta taratibu toka chini kwenda juu, huku anatazama ziwa na kuendelea kunisema. Kisha akanipa nifanye. Chini ya kucha nilihisi vikuta vidogo sana vikipita, kimoja baada ya kingine. Ndani ya shina lile mlikuwa na vizibo. Kwenye jani la kulalia havikuwemo.

Sikukubali. Nilimwambia vikuta vile vinaweza kuwa uzee tu, au kina cha maji, na kwamba sifa moja haitoshi. Tulibishana misimu miwili. Alikuwa akinikatia mashina na kunirushia miguuni: "Hii?" Nami nikivuta na kukosea, ananizomea mbele ya wenzake. Mwishowe, mvua zilipokatika, jani la kuzikia likatoa matunda, kwa kuchelewa, wakati la kulalia limekwisha kupukutika. Nikaweka lupu. Vinywele vitatu, mbegu ya pembe. La kulalia lilikuwa na viwili na mbegu bapa. Aina tatu, wazi kabisa. Nikapiga kelele kama mtu aliyeona dhahabu.

"Sasa hiyo kioo yako imekuambia kile mi nilikuambia," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Nikayabana majani yote matatu kwenye magazeti ya zamani, chini ya godoro. Juu ya karatasi ya lile la tatu, mahali pa kuandika aliyeligundua, niliandika jina langu. Nalisema hapa mapema ili lisije likadhaniwa ni jambo dogo nililolisahau. Sikulisahau. Niliona ni halali.

Tulijuana hivyo kwa miaka tisa. Nilikula kwake. Nilimzika mama yake, nikiwa kati ya walioshika jeneza, kwenye kijiji cha juu upande wa Lubondja. Watoto wake wawili wa kiume nilikuwa nao darasani, na mmoja nilimpa sifuri.

Vita vya kwanza vilitupita kwa siku chache na kuondoka na madawati. Wanajeshi walilala kwenye nyumba yangu. Walipoiacha, nilikuta majani yangu yamemwagwa sakafuni, yametandazwa vizuri kama ya kufukuzia viroboto, na magazeti hayapo. Walikuwa wanahitaji karatasi za kuvutia tumbaku. Nilibaki na karatasi mbili tu zilizokuwa zimeteleza nyuma ya kitanda, na moja ilikuwa ile ya jani la tatu. Nikaona ni baraka.

Vita vya pili havikupita. Vilikaa. Mji ukamwagika, wengine wakakimbilia milimani, wengine wakavuka ziwa kwenda kambi za Tanzania, na watoto wa yule mama walikuwa miongoni mwa waliovuka. Yeye alibaki kwa sababu ya mikeka. Kazi haikuwahi kumjia kama miaka ile, na mara chache tu alisuka la kulalia au la kuuzia. Mbao za majeneza hazikupatikana tena, na watu wa kila dini walimjia, wa misa, wa ibada na wa msikitini, wakiomba kitu kimoja. Kuna wiki alizovuna lile jani mpaka likaisha upande wa karibu, ikabidi aingie majini mpaka kifuani.

Mimi nilibaki kwa sababu ya ukaidi. Shule ilifungwa, nikawa mchuuzi wa chumvi na sabuni. Nilikuwa nabeba mgongoni hadi Lulimba, ambako wachimba dhahabu walikuwa wananunua chochote. Yule mama naye siku nyingine alikwenda huko na mikeka, maana wachimbaji nao wanalala, na wanakufa. Tulikuwa tunatembea kwa makundi, siku tatu au zaidi, na tuliona heri kuwa wengi.

Safari ninayoisimulia tulikuwa tunarudi, watu watano. Mimi, yeye, wachimbaji wawili vijana waliokuwa wamekata tamaa na machimbo, na mama mmoja muuza ndakala, yaani dagaa, mnene, mgomvi, aliyejiunga nasi jana yake na tayari alikuwa amekwisha kukosana na yule mama juu ya nafasi ya kulala karibu na moto. Mikeka ilikuwa imeuzwa yote isipokuwa mmoja. Jua lilikuwa katikati. Tukakunja kona na kukuta mti umelazwa juu ya panda mbili, na wanaume kama tisa kivulini.

Sitaji walikuwa kundi gani, wala kabila walilokuwa wanalitafuta. Barabara ile ilikuwa na vizuizi vingi, na kila kizuizi kilikuwa na pua kisiyoitaka. Ungeweza kupita kimoja kwa sababu ya uso wako na kufa kwenye kinachofuata kwa sababu hiyo hiyo.

Mkubwa wao akainuka. Akanitazama, akavua kofia.

"Profe!"

Alikuwa mwanafunzi wangu. Si mmoja tu kati ya wengi, alikuwa yule mwenye macho makali kuliko wote niliowahi kufundisha, aliyekuwa anaweza kuhesabu vinywele vya tunda bila lupu. Alifurahi kweli kuniona. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akawageukia wenzake.

"Huyu ndiye alinifundisha kuangalia," akawaambia.

Nami, Mungu anisamehe, nilisikia raha. Nimetembea siku mbili na viatu vilivyotoboka, na hapo katikati ya pori mtu ananiita Profe na kuvua kofia. Nilisimama wima zaidi.

Kisha akamwona yule mama wa mikeka.

"Na ule?"

Yule mama akajibu mwenyewe, kwa Kibembe safi, akataja kijiji, baba, na babu. Mwanafunzi wangu akasikiliza hadi mwisho.

"Kusema si kitu," akasema. "Bale nabo banajua kusema luga yetu."

Akamwambia anyooshe mikono. Akaviangalia vidole, akavigeuza. Akamwambia ainue kidevu. Akamzunguka. Alifanya taratibu, bila matusi, na nilikijua kile kichwa kilichoinamia upande mmoja, maana nilikuwa nimekiona miaka mitatu kwenye dawati la mbele.

"Pua. Vidole. Na hii shingo," akasema, akihesabu kwa mkono wake. "Profe, ulitufundisha kama kimoja haitoshi. Sasa bitatu biko hapa."

Nimejaribu mara nyingi kuandika kwamba nilichosikia wakati ule kilikuwa hofu. Ningependa iwe hivyo. Hofu ingenifanya niseme uongo haraka, kama binadamu. Lakini kilichonipanda kilikuwa hasira ya mwalimu anayeona kanuni yake imeshikwa kichwa chini miguu juu. Nikaanza kumsahihisha. Pale pale, mbele ya bunduki tisa, nikatoa somo.

Nikamwambia pua si tunda. Nikamwambia urefu ni sifa ya udongo na chakula, vidole ni sifa ya kazi, na kwamba alichofanya ni kuokota sifa tatu za majani na kuziita ushahidi. Nikamwambia nilishindwa kumfundisha ikiwa bado anaamua bila tunda. Sauti yangu ilikuwa imekwenda juu. Wachimbaji wawili walikuwa wananitazama kama mtu aliyepandwa na wazimu. Yule mama alikuwa ananitazama pia, bado kidevu kiko juu, na alikuwa anangoja.

Mwanafunzi wangu akanyoosha mkono. Ndiyo, alinyoosha mkono, na bunduki begani.

"Swali, Profe. Weye mwenyewe, ukimuangalia hivi, unaweza kusema kama huyu ni wa kwetu?"

"Kwa kumwangalia hivi? Hapana," nikasema. "Hakuna mtu anayeweza. Hata mimi sina hakika."

Nilikuwa na nusu ya pili. Naapa nilikuwa nayo, ilikuwa imeshafika mdomoni: kwamba kwa kuwa hakuna awezaye kujua kwa sura, basi hakuna mwenye haki ya kuamua kwa sura, na ufunguo wa namna hiyo haupo duniani. Ilikuwa nusu nzuri. Hakuna aliyeisubiri.

"Bon," akasema, na akavaa kofia yake. "Profe hana hakika. Mama, weye utabakia."

Hapo ndipo muuza ndakala alipolipuka. Alitupa kapu chini, akaja mbele na kifua chote.

"Atabakia na nani? Huyu ni bibi ya kaka yangu! Ameolewa kwetu, mi mwenyewe nilibeba mutoto wake wa kwanza mugongoni! Munataka kukamata shemeji yangu?"

Ulikuwa uongo mtupu toka neno la kwanza hadi la mwisho. Alikuwa hata hajui mama yule anaitwaje. Lakini aliusema kwa jasho na mate, na kwa kitambo kidogo niliona wanaume wale wanatazamana.

"Ungesema kabla ya Profe kusema, mama," mwanafunzi wangu akajibu. Akanigeukia. "Ni kweli?"

Nafasi ya pili. Si wengi wanaopewa. Ilihitajika neno moja. Nilikuwa na kaburi la mama yake nyuma yangu, na watoto wake kwenye madaftari yangu, na miaka tisa. Lakini muuza ndakala alikuwa amesema shemeji, na mimi nilijua kwamba si shemeji, na nikawa bado natafuta namna ya kusema kitu kitakachomwokoa na ambacho pia kiwe kweli. Nilifungua mdomo. Nilipokuwa nao wazi, mwanafunzi wangu akaona amekwisha kupata jibu lake, akawapa ishara wenzake.

Yule mama alishusha ule mkeka mmoja uliobaki, akampa muuza ndakala. Hakunipa mimi. Kisha wakaenda naye upande wa vibanda vyao, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anatangulia.

Mzigo wangu haukufunguliwa. Wale wengine walilipa kupita, mimi sikulipa. Mwanafunzi wangu alininyanyulia mti kwa mkono wake.

Tuliendelea kutembea, muuza ndakala nyuma yangu. Alikuwa analia na kunitukana kwa pamoja.

"Weye mwalimu, kinywa yako ni ya kula tu? Ulishindwa uongo kidogo?"

Nikamwambia nilikuwa nimesema kweli.

"Kweli gani? Huyu mama unamujua?"

"Namjua. Miaka tisa."

Akasimama katikati ya njia. Alinitazama, na hasira ikamtoka usoni, akabaki na kitu kibaya zaidi.

"Sasa, ungeanza na hiyo," akasema.

Hakusema nami tena mpaka Baraka. Na alikuwa amesema yote. Swali la mwanafunzi wangu lilikuwa kwamba ukimwangalia hivi, nami nikaling'ang'ania kama lilivyoulizwa, kama mtu wa mtihani. Sikuwa na haja ya kumwangalia. Nilikuwa namjua kwa njia zote ambazo mtu anaweza kumjua jirani yake, na sikutumia hata moja, kwa sababu nilikuwa nashughulika kushinda mabishano na mtoto niliyemfundisha.

Walimweka wiki saba. Kundi lile lilipohamishwa kwenda upande mwingine, waliwaachia wale waliokuwa bado wanaweza kutembea. Aliwaambia watu kwamba alikuwa anapika na kuchota maji. Zaidi ya hapo hakusema, na mimi si wa kujazia. Siandiki nisichoambiwa, hilo angalau nimejifunza kulitumia mahali pake.

Wiki ya pili baada ya kurudi alikuwa tayari kinamasini. Nilimfuata. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi, na maneno yangu yalikuwa na mpangilio. Nikamweleza ile nusu ya pili. Nikamweleza nilitaka kufika wapi, na kwamba ningeachwa nimalize, hoja yangu ingewabana. Aliendelea kukata. Shina, kucha, vuta. Shina, kucha, vuta. Mengine aliyaweka kushoto, mengine kulia, bila kutazama.

"Umemaliza?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Mwalimu, mi sikukuomba unijue. Niliomba useme."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kusema nami. Nilirudi nyumbani, nikatoa ile karatasi ya jani la tatu, nikafuta jina langu. Nilitaka kuweka lake, lakini nikaona aibu, maana nilikuwa najaribu kumlipa kwa wino. Nikapaacha mahali pale pakiwa patupu. Kwa wasomi wa majani, jani lisilo na jina la aliyeligundua halina maana sana. Na liwe hivyo.

Mwanafunzi wangu sijui aliishia wapi. Nimesikia habari tatu tofauti, na katika zote tatu yuko hai na anaendelea vizuri.

Vita vilipoanza kuchoka, walikuja watu wa kuandikisha wapiga kura. Waliweka meza kwenye uwanja wa shule, na mji mzima ukapanga mstari, maana kadi ile haikuwa ya kura tu. Ilikuwa karatasi ya kwanza baada ya miaka mingi kusema kwamba wewe ni wa hapa. Mwenye vyeti alionyesha vyeti. Asiyekuwa navyo alileta mashahidi watatu wa kusema wanamjua. Nikasikia kwamba yule mama hana hata cheti kimoja. Vyake vilikuwa vimebaki kule kwenye vibanda.

Nilipiga pasi shati. Kadi yangu nilikwisha kuipata siku ya kwanza, lakini nilikwenda tena asubuhi, nikasimama karibu na meza, mahali ambapo hangeweza kutoniona. Safari hii sikuandaa hoja. Nilikuwa na neno moja tu, na nilikuwa nalirudia kimoyomoyo kama mtoto aliyetumwa dukani: namjua, namjua, namjua.

Zamu yake ikafika. Shahidi wa kwanza alikuwa muuza ndakala, ambaye sauti yake ilisikika hadi barabarani. Wa pili alikuwa jirani yake, mzee wa upande wa msikiti, aliyeweka mkono kifuani na kusema taratibu. Karani akaandika.

"Wa tatu iko wapi?"

Wa tatu hakuwa amefika, au hakuwepo. Nikapiga hatua mbele. Yule mama akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu kinamasini macho yake yakanifikia usoni. Yakakaa hapo kwa muda wa kutosha kabisa. Kisha yakanipita.

Nyuma yangu, pembeni ya mstari, alikuwa amesimama mwanaume mmoja mpita njia mwenye baiskeli ya magunia ya muhogo, ametoka Nundu, amesimama tu apumzike na kutazama watu. Yule mama akanizunguka, akaenda akamshika kifundo cha mkono.

"Baba, kuja useme unanijua."

Mwanaume yule hakuuliza kitu. Aliegemeza baiskeli kwenye ukuta, akajifuta uso, akamfuata mpaka mezani. Alimtazama mama mara moja, akamtazama karani.

"Namujua," akasema. "Tangu angali mudogo. Ni wa kwetu kabisa."

Karani akaandika.